Tezi ya Thairoidi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tezi hii ya shingoni ikiharibika, mtu anaweza kutibiwa presha, vidonda vya tumbo, upungufu wa damu, msongo wa mawazo au ukomo wa hedhi kwa miaka, kabla daktari hajaandika herufi tatu kwenye fomu ya maabara: TSH. Majibu haya ni kwa mgonjwa, anayemuuguza, na mama anayepanga kubeba mimba. Hayachukui nafasi ya daktari wako. Yatakusaidia kujua umuulize nini, na dawa uliyopewa uimeze vipi ili ifanye kazi.

Tezi ya thairoidi iko wapi, na kazi yake ni nini hasa?

Ipo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, imelikumbatia koo la hewa kwa mabawa mawili yaliyoungana katikati. Kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 15 hadi 25 hivi. Hunyonya madini joto, yaani iodini, kutoka kwenye damu na kuyatumia kutengeneza homoni mbili: T4, yenye atomu nne za iodini, na T3, yenye tatu. T4 ndiyo hutoka kwa wingi. Ini, figo na viungo vingine huiondolea atomu moja ikawa T3, na hiyo T3 ndiyo hufanya kazi ndani ya seli.

Karibu kila seli ya mwili huipokea. Moyo upige kwa kasi gani, utumbo usukume chakula kwa mwendo gani, mwili utoe joto kiasi gani, ini liondoe kolesteroli kwa haraka au polepole, yai la mwanamke lipevuke au lisipevuke, mifupa ya mtoto irefuke au ikwame: yote haya yana mkono wa thairoidi. Ndiyo sababu dalili zake hutawanyika mwili mzima, na mgonjwa huzungushwa kliniki hadi kliniki.

Karatasi ya maabara inaonyesha TSH imepanda. Maana yake tezi inafanya kazi kupita kiasi?

Ni kinyume chake. TSH haitoki kwenye thairoidi. Inatoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi. Homoni za thairoidi zikipungua kwenye damu, pituitari huongeza TSH, zikizidi, huipunguza. Maabara nyingi hukubali 0.4 hadi 4.0 mIU kwa lita kuwa kawaida kwa mtu mzima asiye mjamzito, lakini fuata kiwango kilichochapishwa kwenye karatasi yako, kwa sababu mashine hutofautiana.

TSH ikiwa juu na T4 chini, una upungufu wa homoni. TSH ikiwa chini na T4 au T3 juu, una wingi wa homoni. TSH ikiwa juu kidogo huku T4 iko sawa, upungufu bado umejificha: mara nyingi daktari hurudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu kabla ya kuanzisha dawa, kwa kuwa baadhi hurudi sawa wenyewe. TSH ikipita 10, wengi huanza kutibiwa.

Kuna mchanganyiko mmoja unaopita bila kuonekana: T4 iko chini lakini TSH nayo iko chini au "kawaida". Hapo shida iko kwenye pituitari. Katika mazingira yetu, fikiria mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua, kisha maziwa hayakutoka, hedhi haikurudi, na tangu hapo amekuwa mchovu. Pituitari yake huenda ilikosa damu ikafa sehemu. Mama huyu asipewe dawa ya thairoidi kabla ya kupimwa kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Ikiwa kotisoli nayo imepungua, ni hiyo hurekebishwa kwanza, la sivyo dawa ya thairoidi inaweza kumwangusha.

Nitajuaje kwamba nina upungufu wa homoni?

Kila kitu hupunguza mwendo. Uchovu usioisha hata ukilala, kusikia baridi wakati wenzako wanapepea, choo kigumu, ngozi kavu, nywele kukatika, uso kuvimba hasa asubuhi, sauti kukwaruza, mapigo ya moyo ya polepole, kusahau, huzuni. Wanawake wengi hupata hedhi nzito au ndefu. Ganzi ya vidole usiku, hasa gumba na viwili vinavyofuata, nayo imo kwenye orodha, ingawa wachache huihusisha na shingo. Kolesteroli hupanda, na kuna watu humeza dawa za kolesteroli kwa muda mrefu ilhali chanzo ni thairoidi.

Kuhusu unene tuseme wazi: upungufu huongeza uzito, lakini kwa kawaida ni kilo mbili hadi tano, na sehemu kubwa ni maji na chumvi. Mtu aliyeongezeka kilo 25 apimwe, ndiyo, lakini asitegemee kidonge cha thairoidi kuziondoa zote. Na asiye na upungufu asikimeze ili apungue: kitampeleka moyo mbio na kula mifupa yake.

Na wingi wa homoni?

Unakula vizuri lakini unakonda. Moyo unadunda hata umekaa, mikono inatetemeka ukiinyoosha, jasho, joto lisilovumilika, kuharisha au kwenda choo mara nyingi, usingizi haba, hasira za haraka, miguu kukosa nguvu unapopanda ngazi au kuinuka kwenye kigoda. Hedhi huwa nyepesi au hupotea. Chanzo kikubwa ni ugonjwa wa Graves, ambapo kinga ya mwili huishambulia tezi kwa namna inayoiamsha badala ya kuiua. Huweza pia kuyasukuma macho mbele na kuyafanya yawashe na kutoa machozi. Kwa wazee wenye goita (tezi iliyovimba) ya vinundu ya siku nyingi, kinundu kimoja au zaidi huanza kuzalisha homoni bila kusikiliza amri.

Mtu anayekonda huku akitetemeka hushukiwa haraka kuwa na VVU, kifua kikuu au kisukari. Vipimo hivyo vifanywe. Vikitoka safi, asiambiwe "huna kitu" kabla ya kupimwa TSH. Kwa mzee dalili zinaweza kuwa mbili tu, kukonda na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na mapigo hayo huleta kiharusi.

Nawezaje kuichunguza shingo yangu nyumbani?

Simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, kunywa funda la maji na utazame sehemu iliyo kati ya kikoromeo na mtulinga. Tezi hupanda ukimeza, kisha hushuka. Uvimbe unaopanda na kushuka pamoja na mmezo huenda ni wa thairoidi; usiosogea huenda ni tezi za limfu au kitu kingine. Kisha papasa taratibu kwa ncha za vidole, upande mmoja baada ya mwingine. Kipimo cha zamani ambacho wahudumu wa afya hutumia vijijini ni hiki: bawa moja la tezi likiwa kubwa kuliko kipande cha mwisho cha dole gumba la huyo anayepimwa, hiyo ni goita, au rovu kama wengine wanavyoiita.

Ukubwa wa tezi hauelezi homoni ziko kiwango gani. Kuna goita kubwa yenye homoni sawa kabisa, na kuna shingo nyembamba yenye upungufu mkali.

Kwa nini goita ni nyingi milimani?

Madini joto huoshwa na mvua kutoka kwenye udongo wa miinuko na kuishia baharini. Mahindi, viazi na mboga zilizolimwa kwenye udongo huo hutoka na madini joto machache. Tezi ikikosa malighafi hupanuka ili inase hata kile kidogo kinachopita. Nyanda za juu kusini mwa Tanzania zilijulikana kwa goita kwa miaka mingi, na kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea miaka ya 1990, watu wa wilaya zilizoathirika zaidi walipewa vidonge vya mafuta yenye iodini. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti walikuta goita nyingi pamoja na watoto waliodumaa akili, na waligundua kwamba upungufu wa madini joto ulikuwa ukizidishwa na ulaji wa muhogo.

Goita ndiyo inayoonekana, lakini hasara kubwa iko kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mama mwenye upungufu mkali anaweza kuzaa mtoto kiziwi, mfupi, asiyeweza kujifunza, na hilo halirekebishiki baadaye.

Ninunue chumvi gani, na niitunze vipi?

Nunua iliyofungwa, yenye maandishi kwamba imetiwa madini joto. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate mikrogramu 150 za iodini kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 250, mtoto wa miaka 6 hadi 12 apate 120, na chini ya hapo 90. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo hukupa mikrogramu 150 katika gramu 5, yaani kijiko kidogo cha chai kwa siku nzima. Gramu 5 ndiyo pia kikomo cha chumvi kinachoshauriwa kwa ajili ya presha, kwa hiyo huna sababu ya kuongeza chumvi ili upate madini joto.

Kwenye chumvi yetu hutiwa potasiamu iodeti, ambayo huvumilia joto na unyevu kuliko iodidi, lakini nayo hupungua. Gunia lililoachwa wazi dukani, chumvi iliyolowana na kutoa maji, bakuli lisilo na kifuniko juani: vyote hupoteza. Hamishia kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, weka mbali na jiko, na tia chumvi mwishoni mwa mapishi. Usiioshe. Chumvi ya mawe inayouzwa kwa kisado karibu na mashamba ya chumvi mara nyingi haijatiwa kitu, hata kama imetoka baharini. Chumvi ya bahari kwa asili yake ina iodini kidogo mno.

Shule na maduka huweza kutumia kichupa cha kupimia: tone moja la kimiminika chenye wanga juu ya chumvi, ikigeuka zambarau madini joto yapo. Rangi hiyo haikuambii kwa uhakika ni kiasi gani.

Je, muhogo na kabichi huleta goita?

Muhogo una kemikali zinazotoa sayanidi. Mwili huigeuza thayosayaneti, ambayo hushindana na iodini mlangoni mwa tezi. Ukipata madini joto ya kutosha, ushindani huo hauna madhara makubwa. Hatari ni pale muhogo mchungu unapoliwa kila siku, haujaandaliwa vizuri, na chumvi haina madini joto. Menya, loweka au vundika siku kadhaa, mwaga maji, anika hadi ukauke kabisa, ndipo usage. Njia ya mkato ya siku moja wakati wa njaa ndiyo huacha sumu. Kisamvu kitwangwe vizuri na kuchemshwa sana bila kufunikwa.

Kabichi, sukuma wiki na maharage ya soya ni chakula kizuri. Mgonjwa wa thairoidi hana haja ya kuviacha. Soya iliwe mbali na muda wa kidonge, basi.

Daktari ameandika levothairoksini. Nimeze vipi?

Hapa ndipo matibabu mengi huharibika. Dawa ni nzuri, dozi ni sahihi, lakini humezwa pamoja na chai ya maziwa, na nusu yake haifiki kwenye damu.

Meza asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha subiri dakika 30, au bora 60, kabla ya chai, kahawa au uji. Vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia viachane nacho kwa muda wa saa nne. Mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki amwambie muuguzi na avimeze mchana au usiku. Wengi huvimeza kwa pamoja asubuhi na TSH haishuki. Asiyeweza asubuhi ameze usiku, ukipita muda wa saa tatu au zaidi baada ya mlo wa mwisho. Chagua wakati mmoja na ushikamane nao.

Mwezi wa Ramadhani una njia mbili: dakika 30 hadi 60 kabla ya daku, au usiku, ukipita muda wa saa tatu baada ya futari, ikiwa hujala kitu kingine katikati. Kumeza papo hapo unapofuturu kwa tende na uji hakufai.

Dozi kamili kwa mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa ni karibu mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito; mwenye kilo 60 huishia kama mikrogramu 100. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanza na 12.5 au 25 na kupandishwa polepole, kwa kuwa moyo uliozoea mwendo wa taratibu ukiharakishwa ghafla unaweza kuuma. Soma namba na kizio kwenye boksi kila unaponunua: vidonge vya 25, 50 na 100 hufanana, na duka linaweza kukupa tofauti na ya mwezi uliopita. Vitunze ndani ya karatasi yake, penye baridi na pakavu. Dirishani na kwenye gari hapafai.

T4 hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake huisha kwa kama siku saba. Ndiyo sababu hutapata nafuu kesho yake, na ndiyo sababu TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8 kila dozi inapobadilishwa. Kupima baada ya wiki mbili ni kupoteza pesa. Ukisahau siku moja, meza unapokumbuka tumbo likiwa tupu, endelea kesho kama kawaida.

Nimemeza vizuri lakini TSH bado iko juu. Kwa nini?

Kabla ya kuongeza dozi, angalia dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu, na dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, huifanya ini iitoe homoni haraka, hivyo dozi hulazimika kupanda. Tiba ya kifua kikuu ikiisha, ishushwe tena. Ethionamidi, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, yenyewe inaweza kuleta upungufu, sawa na lithiamu na amiodaroni. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza mahitaji. Kisha angalia tumbo: dawa za kupunguza asidi hupunguza ufyonzwaji.

Vidonge vya biotini vya kukuza nywele na kucha ni kesi ya aina yake. Haviathiri tezi, ila hudanganya baadhi ya mashine za maabara: TSH husomeka chini na T4 juu, kana kwamba una wingi wa homoni. Acha angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu, na umwambie daktari.

Nikijisikia vizuri, naweza kuacha?

Ikiwa tezi imeondolewa, imechomwa kwa mionzi, au imeharibiwa na ugonjwa wa Hashimoto (kinga ya mwili huishambulia tezi na kuiua), kidonge ni cha maisha. Kinachukua nafasi ya kitu ambacho mwili hauwezi tena kutengeneza, na kwa dozi sahihi hakina sumu ya kujilimbikiza. Kuna hali moja ya tofauti yenye maana: uvimbe wa tezi unaotokea ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua. Huanza na wingi wa homoni kwa wiki kadhaa, hufuatiwa na upungufu, kisha wengi hurudi sawa. Daktari ndiye apange kujaribu kuacha, kwa vipimo.

Natafuta mtoto sipati. Thairoidi inahusika?

Inaweza. Upungufu huzuia yai kupevuka na huongeza mimba kuharibika; wingi nao huvuruga hedhi. Wenzi wanaohangaikia uzazi wapime TSH mapema, kabla ya tiba ghali. Wanaume pia: nguvu za kiume na ubora wa mbegu hushuka pande zote mbili.

Nina upungufu na nimeshika mimba. Nifanye nini leo?

Usisubiri kliniki ya wiki ya 16. Mtoto hutegemea homoni za mama peke yake wiki za mwanzo. Tezi yake huanza kazi karibu wiki ya 12 na haijitoshelezi hadi karibu wiki ya 18 au 20. Kipindi hicho ndicho ubongo unajengwa.

Mahitaji ya mama hupanda kwa asilimia 25 hadi 30 karibu mara tu mimba inapotunga. Ushauri unaotumika ni kumeza vidonge tisa kwa wiki badala ya saba, yaani siku mbili za wiki unameza viwili, tangu siku kipimo cha mimba kinapokuwa chanya, kisha kumwona daktari haraka. Kubaliana naye kuhusu hili kabla hujashika mimba. TSH hupimwa kila wiki nne hadi katikati ya ujauzito, lengo likiwa chini ya 2.5 kwa aliye kwenye dawa. Baada ya kujifungua dozi hurudi ya zamani na TSH hupimwa baada ya wiki sita. Kunyonyesha hakuna tatizo lolote.

Mwenye ugonjwa wa Graves anayetumia kabimazoli aseme mapema kwamba anataka mimba: dawa hiyo ina hatari ya kuharibu maumbile ya mtoto wiki za mwanzo, na kawaida hubadilishwa kuwa propilthayourasili kwa miezi mitatu ya kwanza. Kuacha dawa kimyakimya ni hatari kwa wote wawili.

Mtoto mchanga anaweza kuzaliwa bila tezi inayofanya kazi?

Ndiyo. Penye madini joto ya kutosha hutokea kwa karibu mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000. Nchi zenye upimaji wa lazima huchukua tone la damu kisiginoni siku za kwanza. Kwetu watoto wengi hawapimwi, kwa hiyo macho ya mama na mkunga ndiyo kinga. Tazama: manjano inayoendelea baada ya wiki mbili, mtoto analala mno na lazima aamshwe anyonye, kilio kizito cha kukwaruza, ulimi mkubwa unaochungulia, kitovu kilichotokeza, choo kigumu, mwili mlegevu na wa baridi, utosi wa nyuma ulio wazi sana. Wengine huonekana wazima kabisa mwanzoni, na "mtoto mtulivu, halii" husifiwa.

Matibabu yakianza ndani ya wiki mbili za kwanza, mtoto hukua na akili ya kawaida. Kila mwezi unaopita huondoa kitu. Dozi ni mikrogramu 10 hadi 15 kwa kilo kwa siku: kidonge husagwa, huchanganywa na maji kidogo au maziwa ya mama kwenye kijiko, hupewa papo hapo. Usikitie kwenye chupa nzima, maana asipoimaliza hujui amepata kiasi gani.

Wingi wa homoni unatibiwaje?

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kabimazoli, kwa kawaida miligramu 15 hadi 40 kwa siku mwanzoni, pamoja na propranololi ya kutuliza mapigo na mtetemo (asipewe mwenye pumu). Nafuu huonekana wiki ya tatu au ya nne, kwa sababu dawa huzuia homoni mpya na haiondoi zilizokwisha hifadhiwa. TSH inaweza kubaki chini kwa miezi hata T4 ikiwa sawa. Anayeongeza dozi kwa kutazama TSH peke yake humtumbukiza mgonjwa kwenye upungufu. Kwa Graves tiba huendelea miezi 12 hadi 18, na karibu nusu ya wagonjwa ugonjwa hurudi.

Onyo moja likae kichwani: ukipata homa, koo kuuma au vidonda mdomoni ukiwa kwenye kabimazoli au propilthayourasili, acha dawa siku hiyohiyo na ukapime chembe nyeupe za damu. Ni mara chache dawa hizi hufuta chembe hizo, lakini ikitokea maambukizi huua. Usimeze dawa ya malaria ukangoja.

Ya pili ni iodini ya mionzi, kidonge au kinywaji cha mara moja, inayotolewa kwenye vituo vichache vyenye tiba ya nyuklia, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mjamzito na anayenyonyesha hapewi. Mwanamke asishike mimba kwa miezi sita baadaye, na kwa siku utakazoelekezwa ulale peke yako na usipakate watoto. Wengi huishia na upungufu, nao hutibiwa kwa kidonge cha kila siku, jambo rahisi kuliko ugonjwa wa awali. Mwenye macho yaliyotokeza aseme, kwa kuwa yanaweza kuzidi. Na aache sigara, kwani hakuna kinachoyaharibu zaidi.

Ya tatu ni upasuaji.

Upasuaji una hatari gani?

Kwanza homoni zishushwe hadi kawaida, vinginevyo dawa za usingizi na kisu vinaweza kuamsha dhoruba ya homoni mezani. Nyuma ya tezi kuna vijitezi vinne vinavyosimamia kalsiamu, na mishipa ya fahamu ya sauti. Baada ya upasuaji, ganzi kuzunguka mdomo, vidole kuchonyota au mikono kukakamaa ni kalsiamu imeshuka: sema mara moja, usingoje raundi ya asubuhi. Sauti ya kukwaruza mara nyingi hurudi kwa wiki au miezi. Shingo kuvimba haraka na pumzi kubana ndani ya saa 24 za kwanza ni damu inayovuja ndani. Ni dharura ya dakika.

Nimeambiwa nina kinundu. Ni saratani?

Vinundu vingi mno si saratani. Vinavyotia shaka ni kigumu kisichosogea, kinachokua kwa wiki, chenye sauti iliyobadilika au tezi za limfu zilizovimba, na kinundu chochote cha mtoto au cha mtu aliyepigwa mionzi shingoni utotoni. Hatua ni TSH, kisha ultrasaundi, kisha sindano nyembamba ya kuchukua seli ikihitajika. Sindano hiyo haisambazi saratani. Hofu hiyo huwachelewesha watu bure. Saratani za thairoidi zilizo nyingi hutibika vizuri zikiwahiwa.

Chanjo za wembe, dawa za mitishamba, unga wa mwani?

Kuchanja goita kwa wembe huleta maambukizi na damu nyingi, maana tezi ina mishipa mingi ya damu, na haipunguzi chochote. Unga na vidonge vya mwani vina iodini inayotofautiana mno kutoka pakiti hadi pakiti. Iodini ikizidi ghafla kwa mwenye goita ya vinundu ya siku nyingi inaweza kumletea wingi wa homoni. Ilitokea Zimbabwe na mashariki ya Kongo miaka ya 1990, chumvi ilipotiwa madini joto mengi kwa jamii iliyoyakosa muda mrefu. Chumvi iliyopimwa sawasawa iendelee kutumika nyumbani. Ziada ya vidonge isimezwe bila daktari.

Ni lini nikimbilie hospitali?

Homa kali pamoja na mapigo ya zaidi ya 140, kuchanganyikiwa, kutapika na kuharisha kwa mwenye wingi wa homoni. Usingizi mzito, mwili wa baridi na pumzi za polepole kwa mwenye upungufu, hasa mzee aliyeacha dawa kisha akapata nimonia. Goita inayobana pumzi ukilala chali, au jicho lililotokeza linaloona giza ghafla.

Naenda kliniki kwa mara ya kwanza. Nibebe nini?

Karatasi zote za vipimo vya zamani zenye tarehe, na maboksi halisi ya dawa zote unazomeza, pamoja na za uzazi wa mpango, virutubisho na mitishamba. Mapigo ya moyo ya asubuhi tatu, yaliyohesabiwa kwa dakika nzima kabla hujainuka kitandani. Uzito wako wa sasa na wa mwaka jana kama unao. Tarehe ya hedhi ya mwisho. Jina la ndugu yeyote mwenye ugonjwa wa tezi, kisukari kilichoanza utotoni au ugonjwa wa ngozi wa mabaka meupe, kwa sababu magonjwa haya hutembea pamoja katika ukoo. Ikiwa umeshaanza levothairoksini, tolewa damu kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo, kisha ukimeze baada ya sindano.